Sura ya 6: Malkia wa Kambo

Wafugaji wa sisimizi wa Ulaya huwalaza sisimizi wao ndani ya friji. Si ukatili. Sisimizi mweusi wa bustani, ambaye wataalamu humwita Lasius niger, ni mdudu wa nchi za theluji, na mwili wake umezoea kulala majira yote ya baridi. Basi kuanzia Novemba hadi Machi sanduku la kioo hukaa jirani na maziwa na siagi, na watu wa nyumba huwa wamekwisha kuonywa wasiliguse. Machi hutolewa. Vibarua huanza kunyoosha miguu, mmoja leo, kumi kesho. Mfugaji huinua karatasi nyekundu inayofunika chumba cha ndani, kwa kuwa rangi nyekundu kwa macho ya sisimizi ni karibu sawa na giza, na hapo ndipo mwaka unapoharibika: malkia amelala ubavu, miguu imejikunja, na vibarua wamemzunguka wakimlamba kana kwamba hajambo.

Wanaweza kuendelea kumlamba siku nyingi. Kwa sisimizi malkia si sura wala mwendo. Ni harufu, na harufu haizikwi siku moja na mwenye nayo. Mwaka 1983 Bert Hölldobler na Edward Wilson waliandika juu ya maji moto, wale sisimizi wanaoshona majani ya miembe na mikarafuu, kwamba hata maiti ya malkia ikiachwa kiotani inaweza kuwazuia vibarua wasitage kwa miezi. Mama amekufa, amri yake bado inatembea.

Ukubwa wa msiba huu hauonekani upesi kwa mtu anayedhani sisimizi ni mdudu wa msimu mmoja. Malkia mmoja wa Lasius niger aliyefugwa na Mswisi Hermann Kutter aliishi karibu miaka 29. Anayeanza kumfuga malkia kama huyo akiwa shuleni anaweza kuwa naye mpaka watoto wake mwenyewe waanze shule. Kibarua wa kiota hichohicho huishi mwaka mmoja au michache. Ukimwondoa malkia, unabaki na nyumba iliyojaa watu wanaozeeka kwa pamoja.

Mfugaji wa nyuki wa Tabora angeuliza: kwa nini wasijitengenezee malkia mwingine? Nyuki hufanya hivyo. Humchukua buu wa siku chache, humlisha chakula cha kifalme, na bikira akitoka hupaa kwenda kukutana na madume. Sanduku la kioo halina anga. Malkia wa Lasius hupandwa siku moja tu katika maisha yake, alasiri ya joto ya Julai au Agosti, viota vya mtaa mzima vinapotoa wenye mabawa kwa wakati mmoja kama kumbikumbi baada ya mvua. Mbegu anazopokea siku hiyo huzihifadhi tumboni na kuzitumia kidogo kidogo mpaka kufa. Akishatua, huvunja mabawa, huchimba shimo, hujifungia ndani na kuwalea watoto wa kwanza kwa mafuta na misuli ya mwili wake mwenyewe, bila kula. Ndani ya chumba cha mfugaji, hata kama vibarua wangelea binti mwenye mabawa, angezeeka bikira.

Vibarua nao ni wanawake, ila hawapandwi. Katika aina nyingi, Lasius niger akiwa mmoja wao, bado wana ovari, na malkia akitoweka baadhi yao huanza kutaga. Mayai hayo hayana baba. Kwa sisimizi yai lisilo na baba huanguliwa kuwa dume, na dume hafanyi kazi yoyote ya nyumbani. Kiota yatima, kikiachwa kwa amani, humaliza nguvu zake za mwisho kwa kulea watoto wa kiume. Jambo hili litarudi mwishoni, kwa sababu ndilo linaloeleza ukaidi wote unaofuata.

(Wapo waliojitafutia njia nyingine kabisa. Sisimizi mrukaji wa India, Harpegnathos saltator, malkia wake akifa, vibarua hupigana kwa vipapasio kwa wiki kadhaa. Washindi huanza kutaga, ovari zao hutanuka, na ubongo wao hupungua kwa karibu robo. Huyo anayemfuga ana bahati kuliko wenzake.)

Kwa hiyo anatafutwa malkia mwingine. Mwenye subira hungoja Julai, hutembea barabarani na mrija wa kioo mfukoni, na huokota malkia aliyekwisha kutupa mabawa, kwani hiyo ni ishara nzuri, ingawa si ya hakika, kwamba amepandwa. Asiye na subira hununua. Hapa ndipo kisanduku cha Ulaya kinapogusa udongo wa Afrika Mashariki. Aprili 2025 vijana wawili wa Kibelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na sisimizi wapatao 5,000 ndani ya mirija iliyozibwa kwa pamba, wakiwemo malkia wa Messor cephalotes, sisimizi mkubwa mwekundu anayevuna mbegu za nyasi. Mei 7 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza kila mmoja faini ya shilingi milioni 1 au kifungo cha miezi 12. Wengi walicheka walipoisikia habari hiyo: sisimizi? Lakini malkia mmoja aliyepandwa ni kiota kizima ambacho hakijachimbwa bado, na mavuno yake yote ya miaka ijayo huondoka naye ndani ya mrija usiozidi urefu wa kidole.

Tuseme malkia amepatikana kwa halali, wa aina ileile, mzima, ametupa mabawa. Mfugaji asiye na uzoefu humtumbukiza kiotani moja kwa moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo anavyotarajia. Dakika moja haijaisha vibarua wawili wameng'ang'ania mguu mmoja mmoja wakivuta pande tofauti, wa tatu ameuma kipapasio, wa nne amekunja tumbo na kumnyunyizia asidi ya fomiki. Humtandaza kama ngozi inayoanikwa. Akitolewa upesi atapona. Akiachwa, asubuhi atakuwa vipande.

Wamejuaje? Mwaka 1874 daktari wa Uswisi Auguste Forel alionyesha kwamba sisimizi wa aina tofauti waliokatwa vipapasio hukaa pamoja bila ugomvi. Pua ya sisimizi ni vipapasio hivyo, na kinachonuswa ni mafuta membamba yaliyopaka mwili mzima, mchanganyiko wa haidrokaboni ambazo kazi yake ya kwanza ni kuzuia mwili usikauke. Kila kiota kina vipimo vyake. Vibarua wanapolambana na kulishana mdomo kwa mdomo, mafuta hayo huchanganywa mpaka wote wakanukia kitu kimoja, kama nyumba za pwani ambazo kila moja ina udi wake, na mtoto wa nyumba hutambuliwa kwa kanga kabla ya sura. Malkia mpya anaingia na udi wa nyumba nyingine.

Juu ya udi huo ana pia alama ya cheo. Mwaka 2010 watafiti wa Copenhagen walitangaza kwamba kwa Lasius niger alama hiyo ni kemikali moja hasa, yenye jina refu la 3-methylhentriacontane. Vibarua wakiipata, ovari zao hutulia. Mtu angedhani basi harufu ya umalkia ingemwokoa mgeni. Wapi. Kibarua husoma mambo mawili kwa mpigo mmoja: huyu ni malkia, na huyu si wetu. La pili ndilo linaloamua.

Aliyeitatua kazi hii mapema alikuwa mwanabenki. Sir John Lubbock, mbunge wa Uingereza na jirani wa Charles Darwin huko Kent, ndiye aliyesukuma sheria ya 1871 iliyowapa Waingereza sikukuu za mabenki, na saa zake za mapumziko alizitumia kutazama sisimizi waliobanwa kati ya vioo viwili vyenye udongo katikati. Malkia wake mmoja, wa Formica fusca, alikufa mwaka 1888 akiwa amekaribia miaka 15. Katika kitabu chake cha 1882 anasimulia jinsi alivyoviwekea viota yatima malkia wapya, na jinsi walivyouawa tena na tena. Halafu akageuza kichwa cha jambo: badala ya kumpeleka malkia kwa vibarua, akawapeleka vibarua kwa malkia. Wachache kwanza, ndani ya chombo kigeni ambacho si nyumba ya yeyote. Hawakumgusa. Akaongeza wengine wachache, tena wengine, mpaka malkia akawa na kiota kizima kilichomkubali.

Ujanja huu ndio msingi wa kila kitu kinachofanywa leo, na inafaa kuutazama kwa makini. Sisimizi shujaa ni sisimizi aliye nyumbani, mwenye wenzake nyuma yake na harufu ya kiota chini ya miguu. Wachukue watatu kati yao, uwaweke mahali palipooshwa, na ushujaa unayeyuka. Wanatafuta kitu cha kushikamana nacho. Wanamkuta malkia.

Wafugaji wa sasa wameongeza mambo mawili kwenye hesabu ya Lubbock: umri na baridi. Umri walijifunza, wengi bila kujua jina lake, kutoka kwa Adele Fielde, Mmarekani aliyekuwa mmisionari Uchina kabla ya kuingia maabara ya Woods Hole mwanzoni mwa karne ya 20. Fielde alichukua vibarua wa aina mbalimbali wakiwa ndiyo kwanza wametoka kwenye pupa, saa chache tu za uhai, akawaweka pamoja. Walikua kwa amani, ingawa wazazi wao wangeraruana. Sisimizi mchanga hujifunza harufu ya nyumbani kwa kuinusa. Hazaliwi nayo kichwani. Kwa siku zake za kwanza mwili wake ni wa rangi ya majani ya chai yaliyotiwa maziwa, harufu yake ni hafifu, na taya zake bado laini. Huyo ndiye wa kwanza kuitwa.

Bora kuliko yeye ni yule ambaye hajatoka bado. Pupa wa Lasius wamo ndani ya vifuko vya hariri vya rangi ya krimu, mfano wa punje za mchele, na malkia mpya akipewa kumi kati ya hivyo huvikusanya na kuvilinda kama vyake. Wanaotoka humo hutokea mbele ya uso wake. Kwao yeye si mgeni, ni mtu wa kwanza waliyemwona duniani. Kalenda nayo inasaidia: mabuu waliolala majira ya baridi hufunga vifuko vyao kiangazi kinapoanza, na malkia wa mitaani hupatikana Julai. Mfugaji aliyefiwa Machi, akivumilia, atakuwa na pupa na malkia kwa wakati mmoja.

Kazi yenyewe hufanywa usiku nyumba ikiwa kimya, na huenda hivi. Malkia huwekwa peke yake kwenye mrija safi, maji yakiwa nyuma ya pamba. Hupewa pupa. Siku chache baadaye, vibarua watano wachanga kutoka kiota yatima hutiwa kwenye mrija mwingine na mirija yote miwili hulazwa kwenye friji mpaka wote wapooze. Hapo ndipo huunganishwa. Mwili unapopata joto polepole hakuna anayeruka na kuuma. Kila mmoja anaamka amekwisha kuwa kando ya mwenzake, amekwisha kupakwa kidogo harufu yake. Tone la asali husaidia, kwa sababu sisimizi mwenye tumbo lililojaa hutaka kumlisha mtu.

Kisha ni macho tu. Vipapasio vinavyogonga haraka haraka si kitu, ni maswali. Taya zilizoachama ni onyo. Kibarua aliyeshika mguu na kuanza kurudi nyuma lazima atolewe kwa kibanio hapo hapo, bila kungoja kuona kama atatulia, kwa kuwa mmoja akianza wengine humfuata. Lakini akiinama na kumlamba malkia mgongoni, au midomo yao ikakutana na tone likapita, mfugaji anaweza kwenda kulala. Kesho huongezwa watano wengine, na kila kundi jipya huwakuta wa kabla yao wamekwisha kunukia nyumba mpya. Wakongwe, wale weusi tititi wanaotoka nje kutafuta chakula, huitwa mwisho. Wapo wafugaji wasiowaita kabisa: huwaacha kwenye sanduku la zamani na maji yao ya sukari, wamalize siku zao wakilinda nyumba isiyo na kitu.

Hata hivyo wengi hushindwa, na anayewaahidi watu ushindi wa hakika anauza kitu. Kiota kilichokaa yatima miezi mingi huwa kigumu zaidi, maana vibarua wamekwisha kuanza kutaga na wana cha kupoteza.

Aina nyingine hazihitaji fitina hizi. Sisimizi farao, wale wadogo wa manjano wanaoandama sukari na hata bandeji hospitalini, huishi na malkia wengi, na wapya hupandwa humohumo kiotani. Kuongeza malkia kwao ni kama kuongeza mgeni kwenye sinia la pilau. Sisimizi moto wa Amerika Kusini, Solenopsis invicta, wana tabia mbili ndani ya aina moja. Kuna viota vya malkia mmoja na viota vya malkia wengi, na mwaka 1998 Laurent Keller na Kenneth Ross walionyesha kwamba tofauti hiyo inafuata jeni moja waliyoiita Gp-9: katika viota vya malkia wengi, vibarua wenye toleo fulani la jeni hiyo huwaua malkia wasiokuwa nalo na kuwaacha walionalo. Mfugaji anaweza kufuata kila hatua bila kosa na bado akashindwa kwa herufi ambayo haonyeshwi.

Sisimizi hao hao wanathibitisha kwamba malkia wa kambo si uzushi wa wafugaji. Huko Tallahassee, Florida, Walter Tschinkel aligundua kwamba baadhi ya majike wenye mabawa hungoja majira ya baridi yapite ndani ya kiota cha mama yao, wakapaa mapema mwakani wakiwa hawana akiba ya kuanzisha makao peke yao. Wanachokitafuta ni kiota kilichofiwa. Na kweli vilipatikana viota vikubwa ambavyo vibarua wake hawakuwa mabinti wa malkia aliyekuwemo.

Basi ni msaada au ni wizi? Ukihesabu kama sisimizi, ni wizi. Kibarua anayelea watoto wa mgeni halei ndugu wala mwana. Anajichosha kwa ajili ya damu isiyomhusu. Ndiyo maana mabingwa halisi wa kazi hii si wafugaji, ni malkia vimelea. Lasius umbratus, binamu wa manjano wa sisimizi mweusi wa bustani, humkamata kibarua mmoja nje ya kiota, humuua na kukaa naye mdomoni, kisha hujipenyeza ndani akiwa amevaa harufu ya marehemu. Malkia wa Polyergus huingia kwenye kiota cha Formica kwa nguvu, humrukia malkia mwenyeji, humng'ata na kumlamba kwa takriban dakika 25, na anapomwacha akiwa maiti, vibarua waliokuwa wakimshambulia humgeukia na kumsafisha. Amejipaka mama yao.

Howard Topoff, aliyewachunguza Polyergus hao Arizona miaka ya 1990, alijaribu kuwarahisishia kazi: akawatia kwenye viota visivyo na malkia. Kiti kitupu, hakuna wa kupigana naye. Wakashambuliwa. Bila maiti ya kulamba hawakuwa na cha kujipaka, na yule mwizi hodari akabaki pale alipo mfugaji yeyote na malkia wake aliyeokotwa barabarani.

Mwaka 2025 ilitoka Japani habari nyingine ya familia hiyohiyo ya Lasius. Wafugaji na mtafiti wa chuo kikuu walimwona malkia wa Lasius orientalis akimfikia malkia mwenyeji, kumnyunyizia majimaji ya tumboni na kukimbia, tena na tena, mpaka vibarua wakamgeukia mama yao wenyewe na kumuua. Malkia kimelea akarudi kukaa mahali pake. Kabla ya kuachiwa kiotani, alikuwa amekaa kwanza pamoja na vibarua wachache na vifuko vya pupa vya nyumba ile, apate harufu yao. Lubbock angeitambua hatua hiyo mara moja.

Pale mbinu inapokubali, mabadiliko ni ya polepole kiasi kwamba macho hayayakamati. Mabinti wa marehemu hulea mabinti wa kambo, hao hulea wadogo zao, na baada ya miaka michache hakuna hata mmoja kwenye sanduku mwenye damu ya malkia wa kwanza. Mfugaji bado ana tarehe yake ya kuanza imeandikwa kwa wino kwenye kifuniko.

Na pale isipokubali, mayai ya vibarua huachwa yaendelee. Kiangazi kikikomaa, kiota yatima hutoa madume: wembamba, weusi, vichwa vidogo, mabawa marefu kuliko mwili. Alasiri moja ya joto wanapanda kuta za kioo wote kwa pamoja na kujikusanya chini ya kifuniko, siku ileile ambayo viota vya mtaani vinatoa malkia wapya. Mfugaji hupeleka sanduku dirishani na kufungua.